Bibi Bado Anajua Kusuka: Ufundi wa Mikono Ndani ya Ugonjwa wa Kusahau

Katika nyumba zetu nyingi, heshima kwa mzee huanza kwa kumpokonya kazi. "Pumzika bibi, sisi tupo." Ungo, jembe, cherehani na mbuzi ya kukunia nazi vinahamia kwa vijana, na mwenyewe anawekewa kiti barazani. Mzee mwenye afya hana neno na hilo; akichoshwa na mapumziko atanyanyuka, atazunguka nyuma ya nyumba na kujitafutia la kufanya. Mwenye demensia, yaani huo ugonjwa wa kusahau, mara nyingi hawezi. Kuanzisha jambo ni miongoni mwa vitu vinavyomtoka mapema, kwa hiyo kazi aliyonyang'anywa leo haitarudi mikononi mwake mpaka mtu mwingine airudishe.

Na hunyang'anywa kwa jumla. Anaunguza sufuria ya maharage mara moja, jiko zima linakuwa haramu kwake: hakuni nazi tena, hachambui mchele, hamenyi hata kitunguu. Anakosea kukata kitambaa cha mteja, cherehani inafunikwa shuka. Kosa lilikuwa katika hatua moja, adhabu imeangukia kazi yote. Tofauti kati ya hatua na kazi nzima ndiyo ninayotaka kuieleza hapa, kwa sababu familia ikishaiona inapata pa kushika.

Tuanze na ugonjwa wenyewe. Demensia si uzee wa kawaida na si mkono wa mtu. Ni jina la jumla la maradhi yanayoharibu ubongo taratibu, hadi kumbukumbu, lugha, mpangilio wa mawazo na tabia vinaathirika kiasi cha kuvuruga maisha ya kila siku. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa zaidi ya watu milioni 55 wanaishi nayo, na zaidi ya nusu yao wako katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Alzheimer peke yake inachukua asilimia 60 hadi 70 ya wagonjwa hao. Kwetu nako imepimwa: utafiti uliofanyika wilayani Hai, mkoani Kilimanjaro, kwa wazee wa miaka 70 na kuendelea, ulikuta karibu 6 katika kila 100 wakiwa nayo.

Mtu akisema "bibi amepoteza kumbukumbu" huwa amefunga vitu vingi katika kifurushi kimoja. Kuna kumbukumbu ya matukio: nani alikuja jana, dawa nimeshameza au bado. Kuna ya maana za vitu: hiki ni kisu, Tanga ni mji. Na kuna ya mwili, ile inayomwezesha mtu kuendesha baiskeli, kusukuma chapati au kupeta mchele bila yeye mwenyewe kuweza kueleza anafanyaje. Kumbukumbu hizi hazikai mahali pamoja. Ya matukio inategemea sana hipokampasi, sehemu ndogo iliyomo ndani ya ubongo usawa wa masikio, na ni maeneo hayo ambayo Alzheimer huyashambulia mapema. Ya mwili inategemea zaidi viini vilivyo katikati kabisa ya ubongo, pamoja na ubongo mdogo wa kisogoni, na huko uharibifu kwa kawaida huchelewa.

Mgawanyo huu ulionekana wazi kwa mgonjwa ambaye hata hakuwa na demensia. Mwaka 1953 kijana wa Kimarekani, Henry Molaison, alipasuliwa kichwa ili atibiwe kifafa, na sehemu kubwa ya hipokampasi zake zote mbili ikaondolewa. Tangu siku hiyo hakuweza tena kutunza tukio jipya. Mwanasaikolojia Brenda Milner alimpa kazi ya kufuatisha umbo la nyota kwa penseli huku akiuona mkono wake kupitia kioo tu. Siku ya kwanza mistari ilikwenda kombo. Siku ya tatu alikuwa akichora vizuri kabisa, na bado alisema hajawahi kuiona kazi ile. Mkono ulijifunza, mwenye mkono hakuwa na habari.

Kwa hiyo bibi anayemuuliza mjukuu jina lake asubuhi nzima anaweza kupewa ukindu, majani ya kusukia mikeka, na vidole vikaanza kwenda vyenyewe. Hapa ndipo maelezo mengi hukomea, kwa furaha, na yanakomea mapema mno. Familia inanunua ukindu, inauweka mbele ya bibi, bibi anautazama tu, na wote wanahitimisha kuwa hata hilo limekwisha.

Kazi ya mikono haijawahi kuwa ya mikono peke yake. Chukua mkeka. Kwanza kuna kuamua: mkeka wa nani, mpana kiasi gani, rangi zipi. Ukindu uanikwe, uchanwe, mwingine uchovywe rangi. Ukili, ule utepe mrefu unaosukwa, uanzwe, yaani majani yale ya kwanza yapangwe kwa idadi inayotakiwa na kupishanishwa mpaka yashikane, na wasukaji watakuambia hapo ndipo pagumu. Kisha kuna kusuka kwenyewe, pima kwa pima, ambako mkono unarudia mwendo uleule na kuongeza jani kila la zamani linapokaribia kwisha. Mwishoni kili zipimwe, zikatwe ncha zilizochomoza, zishonwe ubavu kwa ubavu mpaka mkeka utimie.

Ukizitazama hatua hizo kwa jicho la ugonjwa, hazifanani hata kidogo. Kuamua, kuhesabu na kupanga kipi kitangulie ni kazi ya sehemu ya mbele ya ubongo, nayo huyumba mapema. Kuanza ukili kunataka hesabu na kushikilia idadi kichwani kwa muda mfupi. Kushona kili zikae sawa kunataka macho yanayopima nafasi. Kusuka katikati ya ukili, mwendo ukishakolea, ndiko kunakodumu. Bibi aliyeacha kusuka mara nyingi hajasahau kusuka. Amekwama kwenye kuanza. Au jani lilikwisha, hakujua aongeze la rangi gani, akauweka ukili chini kidogo, na dakika mbili baadaye hakukumbuka kwamba alikuwa na kazi.

Msaada unaofaa, basi, ni kumwazima hatua zilizomtoka na kumwachia zilizobaki. Mjukuu au jirani anayejua anauanza ukili, anausuka kiasi cha shibiri moja mpaka ruwaza ionekane, ndipo anampa. Majani ya kuongezea yanawekwa karibu na mkono wake, yakiwa yameshapangwa kwa zamu ya rangi. Msaidizi anaketi pembeni akiwa na ukili wake mwenyewe, kwa sababu kumwona mwenzio anasuka ni ukumbusho usiohitaji maneno. Akikwama kwenye jani jipya, mwenzie analichomeka, anamrudishia. Ni hayo tu. Hakuna dawa wala kifaa, ingawa kinachotakiwa ni adimu kuliko vyote viwili: mtu wa kukaa naye nusu saa bila kushika simu.

Kumkaribisha kwenye kazi nako kuna adabu yake. "Bibi, unakumbuka kusuka?" ni mtihani, na mtu anayejua kuwa akili inamponyoka hukwepa mitihani, atasema hataki, atasema macho hayaoni. "Bibi, ukili wangu unakwenda upande, hebu nitazamie" ni ombi, na mzee wa kwetu hazoei kumkatalia mjukuu anayeomba kufundishwa. Maagizo marefu hayamfai. "Nenda ndani kachukue ukindu, uloweshe, uje tukae hapa" ni mambo matatu, na litakalobaki kichwani huenda ni moja au lisiwepo. Mpe mkononi. Akiushika, mwili wenyewe utamwambia kilichobaki.

Halafu kuna suala la kusahihisha, ambalo watu wema hulikosea kila siku. Mwaka 1994 Alan Baddeley na Barbara Wilson wa Uingereza walionyesha kuwa watu waliopoteza kumbukumbu ya matukio hujifunza vizuri zaidi wakizuiwa wasikosee kuliko wakiachwa wakosee kisha wasahihishwe. Sababu yake ina mantiki: sisi tunanufaika na kosa kwa kuwa tunakumbuka tuliambiwa "siyo hivyo". Yeye hakumbuki kuambiwa, ila mkono wake umeshika lile kosa na utalirudia. Kwa hiyo tangulia kosa. Tengeneza mazingira ambayo njia iliyo sahihi ndiyo iliyo karibu, na likitokea kosa dogo lisilodhuru, lipite.

Mazingira yana uzito kuliko watu wanavyodhani. Ukindu mweupe juu ya mkeka mweupe hauonekani vizuri kwa mtu ambaye macho yake yanashindwa kutenganisha rangi zinazokaribiana. Tandika kanga ya rangi nzito chini yake. Televisheni izimwe. Asubuhi ni bora kwa wengi, maana jioni baadhi yao hupata wasiwasi, hutaka "kwenda nyumbani" wakiwa nyumbani. Miwani itafutwe, na masikio yachunguzwe, kwani mzee asiyesikia vizuri huonekana ameharibikiwa zaidi kuliko alivyo. Na vifaa viwe vyenyewe. Cherehani ya plastiki ya mtoto mbele ya mtu aliyeshona suti miaka arobaini ni dharau, naye ataihisi hata akikosa maneno ya kuieleza.

Jina la kazi nalo libaki. "Shikamoo fundi", "mwalimu", "nahodha": mtu aliyeitwa hivyo nusu ya maisha yake hujiweka sawa kitini anapolisikia. Wageni na hata wauguzi wakielezwa hivyo mapema, nusu ya ukaidi unaolalamikiwa hautokei.

Huo ukaidi, na mwenzake uvivu, vinahitaji neno. Mzee anayekaa tu kutwa nzima, haombi, haulizi, hajali ugomvi wala harusi, huambiwa amekuwa mvivu au ana kiburi. Kufifia kwa hamu ni mojawapo ya dalili zinazoonekana zaidi katika demensia, na chanzo chake kimo ndani ya ubongo. Hali hiyo haimtoki kwa kuhimizwa wala kwa kukemewa. Anahitaji kuanzishiwa, kila mara, kama gari lenye betri iliyokufa ambalo likishasukumwa linakwenda vizuri tu. Siku nyingine halitawaka, na siku hiyo aachwe.

Bao lina ugumu wa namna nyingine. Bao la Kiswahili lina mashimo 32 na kete 64; kila mchezaji anaanza na kete 22 mkononi za kunamua, yaani kuziingiza ubaoni moja moja, na fundi hasa huhesabu mizunguko kadhaa mbele kabla hajagusa shimo. Hesabu hiyo haidumu. Ushauri wa haraka ni kumshushia mchezo, acheze bao la kujifunza lile wanaloanzia watoto. Kwa mtu aliyekuwa akicheza kupitisha muda, sawa. Kwa fundi aliyekuwa akiogopwa na baraza zima ni aibu mbele za watu, na mimi nisingelishauri hata kidogo. Afadhali wakae wawili upande mmoja: mwenzie anachagua shimo, yeye anatawanya kete. Mkono wa kutawanya haujapotea, mlio wa kete uleule, na baraza la bao siku zote limejaa watazamaji wanaodakia "pale, pale!" kwa hiyo kusaidiwa hakuonekani kuwa kusaidiwa. Kejeli, kahawa chungu na kashata ni sehemu ya mchezo pia, na kwa hayo hahitaji hesabu.

Msikitini jambo hili lina utaratibu wake tangu zamani. Imamu akikwama katikati ya aya, aliye nyuma yake humtajia neno linalofuata, sala inaendelea, na hakuna anayeona kuwa imamu amefedheheka. Mzee aliyehifadhi Qur'ani utotoni anaweza kwenda na sura ndefu muda mrefu baada ya kusahau majina ya wajukuu, kisha akateleza pale aya mbili zinapofanana na kujikuta katika sura nyingine. Atajiwe neno moja, kwa sauti ya chini, basi. Kanisani mwimbaji wa besi aliyezoea wimbo tangu ujana huingia mahali pake akisikia sauti za wenzake. Kinachomshinda ni kutafuta ukurasa. Mtu wa jirani amshikie kitabu.

Wataalamu wamejaribu kuyaweka haya katika utaratibu. Mwanasaikolojia wa Marekani Cameron Camp alichukua njia za Maria Montessori, mwalimu wa watoto wa Italia, akazielekeza kwa wazee wenye demensia: vifaa halisi, kazi iliyokatwa katika hatua, na nafasi yenye maana katika kundi. Anayeiga vibaya anaishia kuwapa wazee michezo ya chekechea, jambo ambalo halikukusudiwa. Laura Gitlin na wenzake, pia Marekani, walichapisha mwaka 2008 matokeo ya mpango ambao mtaalamu wa tiba kwa vitendo anakwenda nyumbani, anapima uwezo uliobaki, anauliza mtu huyu alikuwa nani na alipenda nini, kisha anabuni shughuli na kuifundisha familia. Maswali ya kurudiarudia na tabia ya kumfuata mlezi kila aendako zilipungua, na walezi wakapata nafuu ya muda.

Lililo karibu nasi zaidi ni lile la Hai. Kuna tiba ya vikundi iliyobuniwa Uingereza, vikao 14 vya mazungumzo, michezo na shughuli za kuamsha akili. Ilipoletwa Tanzania ilibidi ishonwe upya, maana toleo la awali lilitegemea kusoma na kuandika, na wazee wengi wa vijijini hawakuwahi kukaa darasani. Wazee 34 walishiriki katika jaribio lililochapishwa mwaka 2017. Uwezo wao wa akili uliimarika kiasi na wasiwasi ukapungua. Idadi ni ndogo, hivyo asijitokeze mtu akatangaza kuwa tiba imepatikana. Ninachokichukua mimi pale ni kwamba kutokujua kusoma hakukuwa kizuizi; kizuizi kilikuwa katika namna tiba ilivyoandikwa.

Na hakuna lolote kati ya haya linalosimamisha ugonjwa. Mchoraji William Utermohlen, Mmarekani aliyeishi London, alibainika kuwa na Alzheimer mwaka 1995 akaendelea kujichora uso wake mwenyewe kwa miaka kadhaa. Picha hizo zinajulikana sana. Kadiri miaka inavyokwenda uso unapoteza mahali pake: jicho linahama, kichwa kinakosa umbo, hadi zile za mwisho ambazo ni vigumu kusema ni mtu. Alikuwa na ufundi wa maisha yote, ila ugonjwa ulifika kwenye sehemu za ubongo zinazopima nafasi na umbo. Ufundi wa mikono huchelewa kuondoka, haujapewa kinga.

Aina ya demensia nayo hubadilisha hesabu. Ile ya miili ya Lewy, yaani vidonge vya protini vinavyojikusanya ndani ya seli za ubongo, huingilia mwendo wa viungo na macho mapema, na hali hupanda na kushuka ndani ya siku moja, hivyo aliyesuka vizuri asubuhi huenda asiweze mchana bila kosa la mtu. Inayotokana na matatizo ya mishipa ya damu huacha uwezo wenye mashimo, hiki kipo na kile cha jirani hakipo. Inayoanzia mbele ya ubongo inaweza kuacha mikono salama ikaondoa uangalifu: anashona haraka, hajali sindano, hajali mteja.

Hapo ndipo penye hatari ambayo wapenzi wa shughuli hawapendi kuitaja. Kuna kazi ambazo ufundi uliobaki ndio tatizo. Dereva wa miaka mingi bado anabadili gia vizuri kabisa, na kwa sababu hiyo familia inamwamini, ilhali kilichoondoka ni uamuzi wa sekunde moja barabarani na kumbukumbu ya njia ya kurudi. Kuendesha gari kukome. Nahodha asitoke na chombo peke yake, hata bahari ikiwa shwari. Nyavu za kushona zipo nchi kavu, vilevile kufundisha fundo. Panga na mafuta ya moto hutegemea mtu na siku. Mkulima wa kahawa hana haja ya kupanda ngazi kupogoa. Kuchagua buni mbovu kwenye tandiko ni kazi ya kweli, na mwenye jicho la zamani huifanya vizuri kuliko kijana.

Kisha kuna swali linalozisumbua familia nyingi zaidi ya usalama: kilichosukwa vibaya kifanyweje? Wengine hukifumua usiku na kumrudishia asubuhi akisuke tena, kwa kuwa hatakumbuka. Simlaumu anayefanya hivyo kwa uchovu, lakini silipendi. Yeye huenda asijue. Watoto wa nyumba wanajua, na wakishaona kazi ya bibi inafumuliwa wataanza kuichukulia kama mchezo, na watazungumza naye hivyo hivyo. Kazi ya mteja isichanganywe na yake, hilo ni la uaminifu. Fundi cherehani apewe mabaki ya vitambaa atie pindo vishikio vya sufuria. Na ukili uliopinda mno kwa mkeka unashonwa kikapu cha vitunguu, maana vitunguu havina habari na ruwaza.